Kushoto, Pamba

Sehemu ya Saba

Afisa aliinyoosha ile futi ya kupimia kati ya mikono yake miwili, kama mtu anayetafuta mzigo wa kufunga, akayarudia maneno yaliyotufungia ukurasa wiki iliyopita.

"Dada, vua koti. Tukupime."

Mashine ya maji ya kunywa ilicheua pale pembeni. Muuguzi alilishika koti lake shingoni kwa mkono mmoja, akalibana.

Msomaji uliyeingia leo, kaa hapa mlangoni nikupe habari kwa ufupi. Shangazi ni fundi wa nguo za kike, miaka thelathini juu ya cherehani moja. Vipimo vya wateja wake huviandika kwenye daftari, na hamwandiki mtu kwa jina lake. Humwandika kwa alama ya kumkumbukia: Bega Lililolala, Kifua cha Njiwa, Nyonga Zisizosikilizana. Mpwa wake, ambaye kwa kasi yake ya kuandika kwenye simu kila mtu humwita Vidole, alilinakili daftari zima kwenye programu ya kampuni hii. Ilikuwa ya bure. Akabonyeza Nakubali bila kusoma, kama wewe, kama mimi. Programu ikameza vipimo, alama na namba za simu za wanawake mia nne na kumi na wawili.

Kesho saa sita mchana kampuni inafungua kitufe kipya kinachoitwa Zawadi. Mtu yeyote mwenye namba yako kwenye simu yake ataviona vipimo vyako, akushonee nguo bila wewe kujua. Wao wanasema huko ni kupendana.

Sasa Muuguzi. Kwenye daftari la Shangazi anaitwa Kushoto Pamba. Mwaka juzi alikatwa titi la kushoto kwa maradhi, katika hospitali ya mbali ambako hakuna aliyemjua. Tangu hapo Shangazi humshonea pamba ndani ya bitana, upande ule, kwa mkono, na wala haizungumzii. Amepona, akarudi kazini wodini, akapata mchumba. Mchumba yuko safarini kikazi na anarudi Jumapili. Muuguzi amepanga kumwambia siku hiyo, uso kwa uso, kwa kinywa chake mwenyewe, kabla wazee wa pande mbili hawajakaa kupanga harusi. Kama kitufe kile kitafunguka kesho na rekodi yake ikiwamo, mchumba ataisoma habari hiyo kwenye kioo cha simu, katikati ya tangazo la chai ya kupunguza unene na tangazo la viatu.

Ndiyo maana leo Ijumaa wako watatu kwenye ofisi hii ya vioo, wamekuja kuomba rekodi yake ifutwe, mbele ya kijana mwenye beji iliyoandikwa Afisa wa Furaha ya Wateja.

Tuendelee.

"Futi hiyo ikimgusa," Shangazi alisema taratibu, "utaimeza."

Afisa alitabasamu. Meno yake yalikuwa mengi kuliko kazi aliyokuwa nayo.

"Mama, usinielewe vibaya. Huu ni utaratibu. Rekodi haina jina la mtu. Imeandikwa Kushoto Pamba. Sasa nitajuaje kwamba huyu dada ndiye Kushoto Pamba? Huenda ni mtu baki anataka kufuta vitu vya mwenzake. Sisi tunailinda faragha."

"Faragha ya nani?"

"Ya Kushoto Pamba."

"Si ndiye huyu."

"Ndiyo sababu tunataka kumpima."

Vidole aliingilia. "Kaka, akaunti ni yangu. Niliifungua mimi. Basi naifunga mimi."

"Funga tu, mdogo wangu. Ukiifunga, wewe ndiye hutaona rekodi. Sisi tutaendelea kuona."

"Na namba yake ya simu si iko hapo? Mpigie, itaita mfukoni mwake."

"Namba hubadili mmiliki. Mwili haubadili mmiliki." Aliyasema hayo kwa raha, kama mtu aliyeyasoma mahali akayapenda.

Msomaji, uko uchafu unaofagiwa, na uko uchafu unaovaa shati lililopigwa pasi ukakukaribisha kiti. Huu wa pili hauna ufagio. Unakupa maji baridi, unakuita dada, unakuomba uvue nguo ili uthibitishe kwamba hutaki kuonekana umevua nguo.

Muuguzi alimgeukia yule kijana.

"Ukishapima kifua," aliuliza, "ungeandika nini?"

"Mimi ni mtaalamu, dada. Nichukulie kama daktari."

"Mimi nafanya kazi na madaktari. Wao hunawa mikono."

Shangazi alicheka puani. Afisa hakucheka, lakini masikio yalimwiva.

Kisha Muuguzi akafanya jambo ambalo hata Shangazi hakulitegemea. Alinyoosha mkono, akaichukua ile futi, akaivuta kutoka kwenye vidole vya Afisa kama anavyomnyang'anya mgonjwa sigara.

"Kiuno na mkono," alisema. "Najipima mwenyewe, na koti sivui. Kama vipimo viwili vinalingana na vyenu, vinatosha. Vidole, njoo usome."

Alifungua vifungo viwili vya chini tu, akapitisha futi kiunoni juu ya gauni, akaibana. Vidole aliinama, uso karibu na koti la mwenzake, machozi yakimlengalenga. Tangu wiki ya kwanza ya mkasa huu binti huyu hajalala usingizi wa kueleweka.

"Inchi ishirini na tisa."

Afisa alitazama kompyuta yake. Tabasamu likarudi, safari hii halikuwa la kazini. Lilikuwa lake mwenyewe.

"Hapa pameandikwa thelathini na moja."

"Pima mkono," Shangazi alisema.

Bega hadi kifundo. Vidole alisoma mara mbili. "Ishirini na mbili."

"Ishirini na nne," Afisa alisema, na akaegemea kiti. "Pole sana, dada. Wewe siye Kushoto Pamba. Ombi limekataliwa. Unaweza kuomba tena baada ya siku thelathini."

Siku thelathini. Kitufe ni kesho.

Muuguzi alianza kufunga vifungo vyake. Alifunga cha chini kwenye tundu la juu, akafungua, akafunga tena vilevile. Mwanamke huyu hutafuta mshipa wa mtoto mchanga kwenye mwanga hafifu akaupata kwa mara ya kwanza, na leo kifungo kimemshinda.

"Shangazi," alisema bila kugeuka, "twende. Nitampigia kabla ya kesho. Nitamwambia kwa simu."

"Ulisema simu hutaki."

"Nilitaka aone uso wangu ninapomwambia. Nilitaka nione wake. Sasa nitafanyaje?"

Shangazi hakuwa anasikia. Alikuwa anatazama dari na midomo yake inachezacheza, kama anavyofanya akikadiria kitambaa.

"Labda amekonda," Afisa alisema, kwa huruma ya bei ya jumla.

"Kiuno hukonda," Shangazi alisema. "Mkono nao hukonda kwa urefu? Mtu mzima hupungua inchi mbili za mkono, akaziacha wapi, dukani?"

Vidole akasema taratibu, kama mtu anayeona nyoka mlangoni:

"Shangazi. Hebu toa futi yako."

Shangazi aliitoa mkobani. Futi ya kitambaa, ya njano iliyogeuka kahawia, imelainika kama utumbo. Vidole aliishika ncha. Ncha ilikuwa nyeusi, imekunjwa na kushonwa kwa uzi. Namba ya kwanza iliyoonekana haikuwa moja.

"Hii inaanzia mbili," Vidole alisema.

"Siku zote inaanzia mbili. Pasi ya mkaa iliunguza ncha kabla wewe hujazaliwa."

"Na ukipima, unatoa zile mbili?"

"Nizitoe nizipeleke wapi? Napima kwa hii, nakata kwa hiihii. Nguo inakaa. Umewahi kuona nguo yangu haikai?"

"Lakini Shangazi, mimi niliandika vilevile ulivyoandika."

"Uliniuliza? Ulisema unanakili tu, dakika mbili, Shangazi, kazi ndogo."

Vidole alijishika kichwa. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka kulia. Vipimo vyote. Wanawake mia nne na kumi na wawili. Kila kiuno, kila nyonga, kila mkono umezidi inchi mbili, na kampuni imeketi juu yake kama kuku juu ya mawe.

Afisa naye alicheka. "Mama, kwa hiyo hata wewe vipimo vyako ni vya uongo."

"Vya uongo kwako," Shangazi alisema. "Kwangu ni vya kweli tangu ulipokuwa unaogeshwa kwenye beseni."

Akainuka. Wenzake walidhani anaelekea mlangoni. Yeye alikwenda pembeni, nyuma ya mmea wa plastiki, ambako mifuko ya nailoni ilikuwa imerundikwa mpaka kiunoni. Tangu waingie alikuwa anaitazama ile mifuko kwa jicho la pembeni. Fundi hawezi kuona nguo zimelala ovyo akatulia.

"Hizi ni nini?"

"Mama, huko hakuruhusiwi."

Alishachana mfuko mmoja. Gauni la bluu likamwagika, lina lebo iliyoandikwa Imerudishwa. Alilishika mabega, akalinyanyua, akalipima kwa macho, na macho yake hayajawahi kuunguzwa na pasi.

"Hili alirudisha nani?"

Afisa alijifanya anaitazama kompyuta.

"Nakuuliza, mwanangu. Mlisema Zawadi inafunguliwa kesho. Hizi nguo zimeshonwa kwa vipimo vya nani?"

"Ni za majaribio tu," Afisa alisema. "Kuna wateja mia mbili tuliowafungulia mapema. Wiki tatu sasa. Walipeleka zawadi, kiwanda kikashona, na baadhi zimerudi. Ni kawaida. Wanawake hawajui miili yao."

Lo. Rudia kuisoma sentensi ile ya mwisho, msomaji, kisha ukanawe.

Shangazi alichana mfuko wa pili, wa tatu, wa sita. Alikuwa anazitupa nguo mezani moja baada ya nyingine, juu ya kompyuta, juu ya kikombe.

"Hili la Kifua cha Njiwa, amerudisha, linamwagika mabegani. Hili la Nyonga Zisizosikilizana, ningelijua hata gizani. Mkono unamfika kwenye kucha. Na hili. Na hili. Zote zimezidi inchi mbili, na zote mmewaambia wenyewe wamekonda. Kiwanda kinajua?"

Afisa aliokoa kikombe chake.

"Kesho mnafungua kitufe kwa nchi nzima," Shangazi aliendelea, "mnasema vipimo halisi kutoka kwa fundi halisi. Nimeliona tangazo. Sasa mimi ndiye fundi. Ngoja niende kiwandani nikawaonyeshe futi yangu, nione watakata kitambaa gani kesho."

"Mwite bosi wako," Muuguzi alisema. Sauti ilikuwa imerudi. Kifungo kilikuwa kwenye tundu lake.

Bosi alikuja kwa viatu visivyo na sauti. Mwanamke nadhifu, mchangamfu, mwenye mikono inayogusa mabega ya watu bila kuombwa. Alisikiliza, akaitazama ile ncha iliyoungua, akalitazama rundo la nguo. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Mama yangu," alimwambia Shangazi, "hii hadithi ni nzuri sana. Futi iliyoungua. Watu wataipenda. Kwa nini usiwe balozi wetu? Tukupige picha na cherehani yako, tusahihishe zile inchi mbili kwenye mfumo, kitu cha dakika moja, na kesho tufungue pamoja."

Hapo ndipo Vidole alipoliona kosa. Ni kweli, ilikuwa dakika moja. Kutoa mbili kwenye kila namba, basi, uongo wote ungegeuka kweli. Walikuwa wameipa kampuni sumu pamoja na dawa yake.

Muuguzi naye aliliona. Alimtazama Shangazi kama mtu anayemtazama daktari mwenye karatasi mkononi.

Shangazi alikuwa anaizungusha futi yake kiganjani, taratibu.

"Tusahihishe," alisema. "Ndiyo. Toa mbili. Lakini futi hii iliungua lini, mwanangu?"

Bosi alikunja uso. "Lini?"

"Daftari ni la miaka thelathini. Kuna wateja wa kabla ya pasi, wa futi nzima. Kuna wa baada. Na kuna miaka ile niliyoazima futi ya jirani ambayo imevutika kwa unyevu. Nani ni wa futi gani?" Aligonga kipaji cha uso wake kwa kidole. "Imo humu. Haimo kwenye mfumo. Na humu hamna kitufe cha Nakubali."

Bosi aliitazama tena ile ncha iliyoungua.

Je, ilikuwa kweli habari ya futi ya jirani? Vidole hakuwahi kuisikia. Alimtazama shangazi yake, na shangazi yake akamtazama kama mtu ambaye hajawahi kudanganya hata mbuzi.

Bosi aliondoa mkono wake kwenye bega la Shangazi. Uchangamfu ulimtoka usoni kama taa iliyozimwa, na nyuma yake hakukuwa na mtu.

"Hiyo ni data chafu," alimwambia Afisa. "Ondoa yote. Kundi zima, na nakala zake. Leo."

"Haikuwa chafu ilipokuwa kwangu," Shangazi alisema.

Afisa alizisukuma nguo pembeni, akaigeuza kompyuta wapate kuona, akaanza. Mistari ilikuwa inazimika mmoja mmoja. Bega Lililolala. Amekwenda. Kifua cha Njiwa. Amekwenda. Nyonga Zisizosikilizana zimekwenda pamoja kwa mara ya kwanza. Shangazi alikuwa anawaaga kwa midomo, kila mmoja, na Vidole alikuwa anahesabu kwa vidole vyake maarufu.

Mia nne na kumi na mmoja.

Mstari mmoja ukabaki. Afisa aliinua kidole.

"Subiri," Muuguzi alisema. "Kabla hujaufuta wangu. Nionyeshe nani ameufungua."

Kidole kilibaki hewani.

"Hiyo haiwezekani, dada. Hiyo ni faragha ya mteja mwingine."

Vidole alitoa sauti ya mtu anayetapika. Shangazi aliikunjua futi yake taratibu, urefu wote, ikaning'inia mbele ya macho ya Bosi.

"Mwonyeshe," Bosi alisema.

Afisa alibonyeza. Dirisha dogo likafunguka. Muuguzi aliinama kusoma, na kwa kuwa hakusoma kwa sauti, Shangazi na Vidole walisogea wakasoma juu ya mabega yake.

Imefunguliwa mara moja. Mteja wa majaribio. Jana, Alhamisi, saa kumi na dakika kumi na mbili jioni.

Zawadi: gauni moja. Maelezo ya kipimo yamesomwa: kushoto, pamba.

Zawadi imeghairiwa: saa kumi na dakika kumi na nane jioni.

Chini yake palikuwa na namba ya simu.

Muuguzi hakuhitaji kuitafuta kwenye simu yake. Aliijua kwa kichwa. Asubuhi hiihii namba hiyo ilimpigia, ikamuuliza amelala salama, ikamuuliza amekunywa chai, ikacheka. Kabla ya kukata ikasema: Jumapili nina neno na wewe. Naye alijibu: hata mimi.

Dakika sita. Mwanamume aliyetaka kumshonea mchumba wake gauni alikaa mahali fulani jana jioni, akasoma maneno mawili ya Shangazi, na katika dakika sita akaliondoa lile gauni. Alilia? Aliona kinyaa? Aliona aibu kwa kuchungulia? Kampuni inajua saa, inajua dakika, inajua kiuno. Hilo moja haijui, na haina haja nalo.

"Mwanangu," Shangazi alianza.

"Aliongea na mimi kama kawaida," Muuguzi alisema. Hakuwa anamwambia mtu. "Aliniuliza chai. Alikuwa anajua, na aliniuliza chai."

"Dada," Afisa alisema, "nifute?"

Muuguzi alimtazama kama anavyoitazama bandeji iliyotolewa.

"Futa."

Mstari wa mwisho ukazimika. Kioo kikabaki cheupe, safi, kinang'aa kama sakafu ya mahali palipofanyika jambo baya.

Kwenye mfuko wa koti, upande wa kushoto, simu ikaanza kutetemeka.

Vidole alimshika mkono. Shangazi alisema, "Usipokee hapa, mbele ya hawa." Lakini Muuguzi alikwisha kuitoa, akaitazama namba, namba ileile, akapokea, akaiweka sikioni. Kutoka upande wa pili mwanamume alivuta pumzi, pumzi ya mtu aliyejiandaa kwa siku nzima.

"Usiseme kitu," Muuguzi alimwambia. "Hata neno moja. Anayeanza ni mimi."